Nambari Tasa 2,147,483,647: Sifa Zake za Kihisabati na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nambari 2,147,483,647, ambayo ni sawa na 2³¹ − 1. Yanaeleza jinsi ilivyobainika kuwa nambari tasa, sifa zinazoitofautisha na nambari nyingine, na nafasi yake katika kompyuta za leo. Sambamba na hayo, yanapima uwezo wa istilahi za hisabati za Kiswahili zinapotumiwa kubeba hoja kamili badala ya kuorodheshwa tu. Hoja kuu ni kwamba istilahi hukomaa ndani ya uthibitisho, na kwamba Kiswahili tayari kina zana za kutosha kufanya kazi hiyo.

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya, hisabati aghalabu huonekana kama nchi ya kigeni. Sababu si ngumu kuiona. Mwanafunzi wa Kenya hufundishwa hisabati kwa Kiingereza katika sehemu kubwa ya masomo yake, ilhali mwenzake wa shule ya msingi ya umma nchini Tanzania hufundishwa somo hilo kwa Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba msomi anayeweza kuchambua utenzi ubeti baada ya ubeti hukwama anapotakiwa kueleza kwa Kiswahili kwa nini 91 si nambari tasa.

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hadhi hiyo ya kisheria haitoshi. Lugha rasmi hudaiwa uwezo wa kusema kila jambo ambalo raia wake wanahitaji kulisema, na hisabati ni mojawapo ya mambo hayo. Swali linaloulizwa katika makala haya basi ni jepesi kulitamka lakini zito kulijibu: je, uthibitisho halisi wa kihisabati unaweza kuelezwa kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, bila kuazima sentensi za lugha nyingine? Nambari 2,147,483,647 imeteuliwa iwe kipimo kwa kuwa ina historia ndefu, uthibitisho unaofuatika, na athari katika maisha ya kila siku.

2.0 Istilahi za Msingi

Nambari tasa ni nambari nzima iliyo kubwa kuliko 1 na isiyo na vigawo isipokuwa 1 na yenyewe. Mifano ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Nambari 91 haimo katika kundi hili kwa sababu ni sawa na 7 mara 13.

Katika fasili hiyo limo neno kigawo, ambalo ndugu yake ni kigawe. Nambari 3 ni kigawo cha 12. Nambari 12 ni kigawe cha 3. Mwanafunzi asiyejua mofolojia huyachanganya maneno haya mawili, lakini kwa msomi wa Kiswahili tofauti yake i wazi. Kiishio -e katika nomino nyingi huashiria kinachotendwa: kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa, mtume ni aliyetumwa, na mshinde ni aliyeshindwa. Kigawe basi ni kile kinachogawanywa. Kiishio -o kwa upande wake huonekana katika majina ya vyombo kama vile kifuniko na kifungo. Kigawo ndicho chombo cha kugawia. Hapa sarufi ya lugha inafanya kazi ya ualimu wa hisabati.

Istilahi nyingine mbili zitakazotumika ni kipeo na kipeuo. Nambari 2 kwa kipeo cha 5, yaani 2⁵, ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe hadi zipatikane 2 tano katika zao hilo, na jibu lake ni 32. Kipeuo cha pili cha nambari hurudisha nyuma kazi ya kipeo cha pili: kipeuo cha pili cha 49 ni 7. Msikilizaji makini atasikia katika kipeuo ile -u- ya kutendua iliyomo katika fungua dhidi ya funga.

Istilahi inayozua mjadala ni tasa yenyewe. Katika matumizi ya kawaida, tasa ni mtu au mnyama asiyezaa. Jibu la kuzidisha nalo huitwa zao, neno linalotokana na kitenzi zaa. Maneno haya mawili yakiwekwa pamoja, sitiari inaleta utata: nambari 7 si tasa hata kidogo katika kuzidisha, kwani huzaa 14, 21, 28 na kuendelea bila kikomo. Kinachoitofautisha ni kwamba haikuzaliwa na nambari ndogo kuliko yenyewe, haina wazazi. Kwa mtazamo huo ingestahili kuitwa yatima. Hata hivyo, sitiari ina utetezi wake. Anayejaribu kuigawa nambari 7 ili apate vigawo vipya kutoka ndani yake hatoki na kitu. Utasa unaozungumziwa ni wa kugawanya, si wa kuzidisha. Wagiriki waliziita nambari hizi za kwanza, na Kiarabu kilifuata maana hiyohiyo. Kiswahili kilichagua taswira yake, na taswira hiyo inafaa mradi mwalimu aeleze inatazama upande gani.

3.0 Kuitamka Nambari

Kabla ya nambari kuchunguzwa, sharti itamkike. Kwa Kiswahili nambari hii ni bilioni mbili, milioni mia moja arubaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arubaini na saba. Historia ya lugha imejikusanya katika jina hilo moja. Mbili, moja, tatu na nne ni maneno ya Kibantu. Sita, saba, arubaini, themanini, mia na elfu yana asili ya Kiarabu. Milioni na bilioni yalitoka Ulaya.

Pana tatizo moja la kweli katika utamkaji huu. Kauli elfu themanini na tatu inaweza kumaanisha 83,000 au 80,003. Katika mazungumzo, kituo cha sauti hutatua utata huo, au msemaji hugeuza mpangilio na kusema themanini na tatu elfu. Wapo pia watumiao neno laki, lenye asili ya Kihindi, na kusema laki nne na themanini na tatu elfu. Katika maandishi ya kihisabati utata kama huu hauvumiliki, na ndiyo sababu tarakimu hutangulia maneno. Iwapo Kiswahili kitatumiwa kufundisha hisabati katika viwango vya juu, mpangilio mmoja wa kutamka maelfu hauna budi kukubaliwa na kufuatwa.

4.0 Kutoka Dai hadi Uthibitisho

Nambari za umbo 2ⁿ − 1 zimevutia wataalamu tangu kale. Ikiwa n si tasa, nambari inayopatikana haiwezi kuwa tasa. Kwa mfano, 2⁶ − 1 ni 63, nayo hugawanyika kwa 3 na kwa 7, ambazo ni 2² − 1 na 2³ − 1. Ikiwa n ni tasa, kuna matumaini, wala si hakika. Nambari 2¹¹ − 1 ni 2,047, nayo ni zao la 23 na 89, ijapokuwa 11 ni tasa.

Mwitaliano Pietro Cataldi, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1603, alionyesha kwa usahihi kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa. Kisha alidai kuwa ndivyo ilivyo pia n ikiwa 23, 29, 31 na 37. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat alibainisha kwamba dai hilo si kweli kwa 23 na 37; nambari 2²³ − 1, kwa mfano, hugawanyika kwa 47. Karne iliyofuata Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alilivunja dai la 29 kwa kuonyesha kwamba 2²⁹ − 1 hugawanyika kwa 233. Kati ya madai manne ya Cataldi, moja tu lilisalia: lile la 31.

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne alitoa orodha yake ya thamani za n hadi 257, na 31 ilikuwamo. Orodha hiyo ilimpatia jina la kudumu, kwani nambari tasa za umbo hili huitwa nambari tasa za Mersenne hadi leo. Lakini orodha yenyewe ilikuwa na kasoro tano: 67 na 257 zilitiwa bila kustahili, na 61, 89 na 107 ziliachwa nje. Funzo hapa ni kwamba kusema kweli kwa kubahatisha si sawa na kujua. Cataldi na Mersenne walisema kweli kuhusu 31, ila hakuna aliyeweza kuitofautisha kweli yao na makosa yao hadi Euler alipoleta uthibitisho, uliotangazwa katika barua yake kwa Bernoulli ya mwaka 1772. Wakati huo Euler alikuwa akiishi St. Petersburg, Urusi, na alikuwa karibu kipofu kabisa.

5.0 Uthibitisho wa Euler

Njia ya kawaida ya kuthibitisha kwamba nambari ni tasa ni kuijaribu kwa vigawo. Haihitajiki kuvuka kipeuo chake cha pili, kwa sababu nambari ikiwa zao la nambari mbili, iliyo ndogo kati yake haiwezi kuzidi kipeuo hicho. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 kimo kati ya 46,340 na 46,341. Kuna takriban nambari tasa 4,800 zisizozidi hapo. Kugawanya kwa mkono mara 4,800 ni kazi ya kumchosha hata mwenye subira ya Ayubu. Euler alitafuta njia ya kupunguza mzigo huo.

Hatua ya kwanza inategemea kuhesabu kwa mabaki. Kila Mswahili hufanya hivyo bila kujua: siku 10 baada ya Jumatatu ni Alhamisi, kwa kuwa 10 ikigawanywa kwa 7 hubakiza 3. Sasa ichukuliwe nambari tasa p inayogawanya 2³¹ − 1 bila baki. Hii ina maana kwamba 2³¹ ikigawanywa kwa p hubakiza 1. Vipeo vya 2, yaani 2, 4, 8, 16 na kuendelea, vikihesabiwa kwa mabaki ya p, hufanya mzunguko kama siku za juma: hufika 1 kisha huanza upya. Kwa kuwa hatua ya 31 hufika 1, urefu wa mzunguko ni lazima uwe kigawo cha 31. Lakini 31 ni tasa. Vigawo vyake ni 1 na 31 pekee. Urefu hauwezi kuwa 1, kwani ingebidi 2 yenyewe ibakize 1, jambo ambalo haliwezekani. Urefu basi ni 31 kamili.

Hatua ya pili ni kanuni ya Fermat isemayo kwamba, kwa nambari yoyote tasa p iliyo witiri, 2 kwa kipeo cha p − 1 hubakiza 1 ikigawanywa kwa p. Kwa hiyo urefu wa mzunguko, ambao ni 31, lazima uigawanye p − 1 pia. Aidha, p ni witiri, hivyo p − 1 ni shufwa. Nambari shufwa inayogawanyika kwa 31 hugawanyika kwa 62. Inafuata kwamba kila kigawo tasa cha 2³¹ − 1 kina umbo la 62k + 1.

Uhalali wa hoja hii unaweza kuonwa katika mfano mdogo wa 2¹¹ − 1. Hapa vigawo vinatarajiwa kuwa na umbo la 22k + 1. Vigawo vilivyotajwa awali ni 23, ambayo ni 22 + 1, na 89, ambayo ni 22 mara 4 kisha kuongeza 1. Hakuna kilichokwenda kinyume.

Hatua ya tatu inaongeza sharti jingine. Ikiwa 2³¹ hubakiza 1, basi 2³² hubakiza 2. Lakini 2³² ni 2¹⁶ kwa kipeo cha pili. Hivyo 2 ni baki la kipeo cha pili, na inajulikana kwamba jambo hilo hutokea kwa nambari tasa witiri zinazobakiza 1 au 7 zikigawanywa kwa 8, na si kwa nyingine. Masharti haya mawili yakiunganishwa, kigawo kinachotafutwa lazima kiwe na umbo la 248k + 1 au 248k + 63.

Nambari za maumbo hayo zilizo kubwa kuliko 1 na zisizozidi 46,340 ni 373. Ya kwanza kati yake ni 63 yenyewe, nayo si tasa. Zinabaki 372, na nyingi kati ya hizo pia si tasa, hivyo hazina haja ya kujaribiwa. Euler aliona kwamba hakuna hata moja inayoigawanya 2³¹ − 1 bila baki. Hivyo 2,147,483,647 ni tasa. Kazi iliyokaribia migawanyo 5,000 ilipunguzwa na hoja tatu zinazoweza kuelezwa kwa aya chache za Kiswahili.

6.0 Sifa Nyingine

Sifa ya kwanza inahusu nambari kamilifu, yaani nambari iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe. Nambari 6 ni kamilifu kwa kuwa 1 + 2 + 3 ni 6. 28 ni kamilifu kwa kuwa 1 + 2 + 4 + 7 + 14 ni 28. Euclid alithibitisha kwamba kila 2ⁿ − 1 ikiwa tasa, ikizidishwa kwa 2 kwa kipeo cha n − 1 huzaa nambari kamilifu. Euler baadaye alithibitisha kwamba hakuna nambari kamilifu shufwa isiyotokana na njia hiyo. Kwa hiyo 2,147,483,647 ikizidishwa kwa 2³⁰ huzaa 2,305,843,008,139,952,128, ambayo ni nambari kamilifu ya nane. Tasa huyu ana mtoto, tena mkamilifu.

Sifa ya pili ni ya nasaba. Nambari 5 ni tasa. 2⁵ − 1, ambayo ni 31, ni tasa. Na 2³¹ − 1 ni tasa pia. Anayefuata mtiririko huu angetarajia 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647, kutoa 1, iwe tasa. Sivyo. Mwaka 1983 ilipatikana nambari 295,257,526,626,031 inayoigawanya. Kigawo hicho nacho kinatii kanuni iliyotumiwa na Euler: ni sawa na 137,490 mara 2,147,483,647, kisha kuongeza 1.

Sifa ya tatu ni mwonekano wake katika mfumo wa tarakimu mbili, 0 na 1. Kama 999 ilivyo 10³ − 1 katika mfumo wa kawaida, ndivyo 2³¹ − 1 inavyoandikwa kwa tarakimu 1 zilizopangwa mara 31 bila sifuri hata moja. Sifa hii ndiyo iliyoipeleka kwenye kompyuta.

7.0 Nambari Isiyodhaniwa Kuwa na Faida

Mwaka 1811 mtaalamu wa Uingereza, Peter Barlow, aliandika kuhusu nambari kamilifu iliyozaliwa na 2³¹ − 1 kwamba ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa. Kwa maoni yake, nambari hizo ni za kustaajabisha bila kuwa na manufaa, na hakuna ambaye angejisumbua kutafuta zaidi. Utabiri huo ulianguka pande zote mbili. Mwaka 1876 Édouard Lucas alionyesha kwamba 2¹²⁷ − 1 ni tasa, na mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa nambari tasa 2 kwa kipeo cha 136,279,841, kutoa 1, yenye tarakimu 41,024,320.

Kuhusu manufaa, kompyuta nyingi zilijengwa kuhifadhi nambari kwa biti 32. Biti moja hutumika kuonyesha kama nambari ni chanya au hasi, na 31 zinazobaki hubeba thamani. Biti hizo 31 zikijaa 1 zote, nambari inayopatikana ni 2,147,483,647, na hakuna nyingine kubwa zaidi inayoweza kuingia. Mwezi Desemba 2014, video ya wimbo "Gangnam Style" wa msanii Psy wa Korea Kusini ilivuka idadi hiyo ya watazamaji katika YouTube, na hesabu ikalazimika kuhamishiwa kwenye nafasi ya biti 64.

Jambo zito zaidi ni wakati. Mifumo mingi huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Inayotumia biti 32 kwa njia iliyoelezwa itafikia sekunde ya 2,147,483,647 siku ya Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, na sekunde saba. Sekunde itakayofuata, mfumo ambao haujarekebishwa utasoma kwamba ni Desemba 1901. Tahadhari inahitajika popote ambapo mitambo ya zamani ingali inafanya kazi.

Utasa wenyewe pia una kazi. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza njia ya kuzalisha nambari zinazoonekana kama za bahati nasibu: nambari huzidishwa kwa 16,807, ambayo ni 7⁵, na baki la kugawanya kwa 2,147,483,647 huchukuliwa. Mtiririko huo hupita katika nambari zote kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja, kabla ya kurudi ulikoanzia. Mzunguko mrefu namna hiyo unategemea kigawo kinachotumika kiwe tasa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uthibitisho wa Euler unaelezeka kwa Kiswahili kwa kutumia istilahi chache: tasa, kigawo, kipeo, kipeuo, baki, shufwa na witiri. Hakuna hata moja iliyobuniwa kwa ajili ya makala haya. Mapengo yaliyojitokeza si ya msamiati bali ya matumizi: utata wa kutamka maelfu na sitiari ya tasa isiyofafanuliwa. Mapengo ya aina hii hayaonekani katika orodha za istilahi. Huonekana pale tu mtu anapojaribu kufikisha hoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hapa ndipo historia ya 2³¹ − 1 inapowahusu wasomi wa Kiswahili moja kwa moja. Mersenne aliacha orodha. Euler aliacha uthibitisho. Kusema kwamba Kiswahili kinaweza kuwa lugha ya sayansi, bila kuifanya sayansi hiyo kwa Kiswahili, ni kubaki katika orodha. Vyama vya Kiswahili vyuoni vina nafasi ya kushirikiana na idara za hisabati ili wanafunzi waandike thibitisho fupi kwa Kiswahili, wazisome mbele ya wenzao na kuzikosoa. Penye utata patajulikana, na istilahi isiyofaa itajitenga yenyewe. Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Vibaba vya lugha ya sayansi navyo hujazwa hoja moja baada ya nyingine.